Je, Kila Mtu Anahitaji Miiko ya Kuishi Nayo?

Masomo ya kusoma kwanza: 1 Samweli 12:1-5, Luka 3:10-14, Warumi 2:14-15.



Katika darasa la kipaimara kijana mmoja aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu siku ile ile. Tulikuwa tumemaliza kukariri Amri Kumi, nami nilikuwa nimefurahi, maana hakuna aliyeruka hata moja. Ndipo akanyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, kwetu mlimani tuna mzee jirani. Hasali kanisani wala msikitini, na amri hizi hazijui. Lakini mgomba wetu ukiangukia shambani kwake, mkungu anauleta mpaka mlangoni. Na wapo watu wa kanisani ambao..." Hapo akanyamaza, akaona haya kuendelea. Kisha akamalizia, "Sasa amri tunazikariri za nini?"

Nikamwambia tutazungumza juma lijalo. Walimu wenzangu wanaujua ujanja huo.

Swali lile halikuniacha, hasa kwa sababu ya jambo jingine ambalo wengi wenu mnalifahamu. Halmashauri ya parishi imeletewa karatasi ya ukurasa mmoja yenye maagano kwa ajili ya wale wanaoshika fedha na vitu vya kanisa: sadaka ihesabiwe na watu wawili, mahindi ya mavuno yaandikwe siku yanapoletwa, mzee wa kanisa asijikopeshe kutoka mfukoni mwa Bwana hata kama atarudisha kesho. Baadhi ya ndugu wameikubali. Wengine wamesema, na wamesema kwa moyo safi, kwamba watu waliookoka hawahitaji kuandikiwa wasiibe. Roho Mtakatifu anatosha. Kijana wangu na ndugu hawa hawajakutana, lakini swali lao ni moja. Je, mtu mwema anahitaji sheria ya nini?

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili chetu kina neno mwiko, nalo lina maana mbili. Mwiko ni kile kijiti kipana tunachosongea ugali. Na mwiko ni jambo lisilofanywa: mgonjwa akipewa dawa na mganga huambiwa pia miiko yake, asile hiki, asiguse kile, la sivyo dawa haifanyi kazi. Sidai kwamba maana hizi mbili zilitoka shina moja, maana mimi si mtaalamu wa lugha. Lakini katika kufundisha nimezipenda zikae pamoja. Maji yanayochemka na unga havigeuki ugali vyenyewe, na asiye na mwiko atakula uji wenye madonge.

Sasa tumtazame yule mzee wa mlimani. Je, ni kweli hana miiko? Mimi nasema anayo, tena mingi. Wazee wa Uluguru walikua katika ukoo wa mama, na ardhi ilikuwa ya ukoo, si ya mtu kuuza kama kuku. Mtoto alifundishwa jando, au aliwekwa ndani kama mwali, akatoka anajua nani aheshimiwe, mpaka wa shamba uko wapi, na kitu cha mtu hakiguswi. Hakuna aliyempa daftari. Aliimbiwa, akategewa vitendawili, pengine akachapwa. Mambo yale yakaingia ndani hata akasahau kwamba aliwahi kufundishwa. Akirudisha mkungu wa ndizi hahisi kwamba anatii sheria, anahisi tu kwamba ndivyo mtu anavyofanya.

Mtume Paulo aliwaona watu wa namna hii. Katika Warumi 2 anaeleza kwamba mataifa wasio na torati wakitenda yaliyomo katika torati wanaonyesha kwamba matakwa yake yameandikwa mioyoni mwao, na dhamiri zao zinawashuhudia. Paulo hawadharau. Anawatumia kuwaaibisha wale waliokuwa na torati mkononi wakajivunia kuwa nayo. Kijana wangu alikuwa anasema neno la Paulo bila kujua.

Hata hivyo tusiharakishe kusema kwamba basi dhamiri inatosha. Paulo huyo huyo, katika Matendo 26:9, anakiri mbele ya mfalme Agripa kwamba zamani aliona imempasa kulipinga jina la Yesu. Hakuwa mhuni. Dhamiri yake ilikuwa shwari alipokuwa akiwatia watakatifu gerezani. Dhamiri ni kama saa ya ukutani: inapiga kwa sauti ile ile, iwe imetegwa sawasawa au imechelewa nusu saa. Hapana budi pawepo kitu nje yake cha kuisahihishia.

Nitawaambia jinsi saa yangu ilivyowahi kuchelewa.

Mwaka 1982 nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya mlimani, na mtoto mchanga mgongoni. Wenye umri wangu wanaikumbuka miaka ile baada ya vita vya Kagera: sabuni hakuna, mafuta ya taa hakuna, sukari ni ya mgao. Jambo la kuchekesha, kama lingekuwa la kuchekesha, ni kwamba mkoa wetu ndio wenye viwanda vya sukari vya Kilombero na Mtibwa, nasi tulikunywa uji usio na kitu. Siku moja gunia la sukari lilifika dukani kijijini, na kwa kuwa mimi nilijua hesabu na kushika mizani, wanakijiji wakaniomba nigawe. Kila kaya kilo moja. Nikafanya hesabu nikaona patabaki kidogo. Nikajipimia kwanza kilo mbili. Nilijiambia, nina mtoto mchanga. Nilijiambia, nimeacha kazi yangu kuwasaidia. Nilijiambia, hakuna aliyesema mgawaji asichukue mbili. Yote matatu yalikuwa kweli. Dhamiri yangu haikuniuma hata kidogo.

Bibi mmoja aliyekuwa amekaa mbele ya foleni alinitazama nikifunga mfuko wangu. Hakupaza sauti. Akasema, "Mwanangu, kwetu mwenye kugawa hupokea mwisho."

Hilo tu. Nilikuwa nimesoma chuo cha ualimu, nimefaulu somo la siasa, nimeahidi tangu darasa la kwanza kwamba sitapokea rushwa wala kutoa. Kumbe katika vyote nilivyosoma hapakuwa na neno hilo moja dogo, na bibi asiyejua kusoma alikuwa nalo. Nilirudisha sukari gunianni nikiwa nimeinama kama naokota kitu. Gunia lilikuwa limelowa upande mmoja, na hesabu yangu haikuwa sawa kama nilivyodhani. Kaya mbili za mwisho zilipata nusu kilo nusu kilo. Mimi nilikung'uta gunia.

Angalieni kwamba bibi yule hakuniambia niwe mtu mwema. Kama angeniambia hivyo ningekasirika, maana nilijiona mwema. Alinipa kanuni. Kanuni ina faida hii, kwamba haibishani na visingizio vyako, inakuambia tu mahali pa kusimama katika foleni.

Taifa letu nalo limewahi kujaribu kuwaweka wagawaji mwisho wa foleni, na habari hiyo inafaa tuifikirie kwa makini katika somo hili. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya kutumikia Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao. Lakini walikuwa wamesema pia juu ya mishahara ya wakubwa, na neno hilo lilimchoma. Akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha, na tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha likatangazwa. Watu wengi wakisikia Azimio hukumbuka mabenki na viwanda kuwa mali ya umma. Sehemu yake ya mwisho ilihusu viongozi wenyewe. Kiongozi awe mkulima au mfanyakazi. Asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Tena waliotunga walijua tabia za watu, maana walieleza kwamba neno kiongozi linamhusu mtu pamoja na mkewe, au mama pamoja na mumewe. Mlango wa nyuma wakaufunga. Na jina lililokaa midomoni mwa watu ni lile lile la wazee wetu: Miiko ya Uongozi.

Jirani zetu waliamua vingine. Kenya, mwaka 1971, Tume ya Ndegwa iliona watumishi wa serikali waweza kuruhusiwa kufanya biashara zao. Hoja yao haikuwa ya kijinga. Walitaka Waafrika waingie katika uchumi, na watumishi ndio waliokuwa na elimu na kipato. Lakini mtu anayetoa leseni akiwa pia anaomba leseni, atajinyima?

Miiko yetu iliishi miaka 24. Sitawaambia kwamba viongozi wote waliishika. Habari zilizagaa za nyumba zilizoandikwa kwa jina la shemeji au la mtoto anayenyonya, na mlango wa nyuma uliofungwa ukatobolewa dirisha. Tena kwa upande mwingine ilikuwa migumu mno. Afisa wa kati ambaye mshahara wake haukutosha hata nusu ya mwezi, katika miaka ile ya uhaba, alikatazwa kitu ambacho pengine kingemzuia asichukue hongo. Mwezi Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar ikalegeza masharti hayo. Mwaka 1995 Bunge lilipitisha Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, ambayo namna yake ni nyingine: kiongozi hakatazwi kuwa na mali, ila atamke kwa maandishi mali aliyo nayo na madeni yake.

Nafahamu kwamba wasomaji wa gazeti hili watatofautiana hapa, nami sitaki somo la Biblia ligeuke mkutano wa siasa. Nitasema niliyoyaona mimi. Kabla ya 1991 kiongozi aliyejenga nyumba ya kupangisha alijificha. Baada yake alialika watu kwenye sherehe. Sheria ya kwanza ilivunjwa na wengi, lakini hata wavunjaji walijua ni mwiko, aibu ilikuwapo. Mtu mwenye aibu bado anaweza kuitwa arudi. Kwa hiyo anayesema kanuni isiyofuatwa na wote ni bure, nadhani amekosea. Amri ya sita na ya saba zimevunjwa tangu Sinai, na hakuna askofu aliyependekeza zifutwe.

Lakini ndugu wanaoiogopa karatasi ya parishi wana hoja, nami nisingetenda haki nikiipita. Milima yetu hii inaijua vizuri. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru. Udongo ulikuwa unateremka na mvua, nalo lilikuwa jambo la kweli. Mto Ruvu hubeba udongo wetu mpaka leo. Dawa yao ikawa matuta ya ngazi, kwa amri. Asiyechimba alitozwa faini. Wakulima wakaona wanapoteza siku zao, na mahali pengi ngazi zilifukua udongo wa chini usiootesha kitu. Zaidi ya hayo walihofia ardhi ya koo. Mwaka 1955 ghasia zikatokea Matombo, na mpango ukaachwa. Sasa panda Mgeta leo. Utakuta mboga zimeoteshwa juu ya matuta ya ngazi, na hakuna bwana shamba anayesimama na daftari la faini. Tuta ni lile lile. Tofauti ni kwamba mkulima wa kabichi ameona mwenyewe faida ya tuta lake.

Mfano mwingine ni wa mwaka 1983, katika msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ambaye alifariki katika mkoa wetu huu, katika ajali ya gari Wami-Dakawa, tarehe 12 Aprili 1984. Yeye mwenyewe watu wanamkumbuka kwa uadilifu, na nadhani wanamkumbuka kwa haki. Msako ule ulitisha. Watu walitupa bidhaa porini na mitoni usiku ili zisikutwe ndani. Wakati sisi tulikuwa tunafulia majani ya mpapai, sabuni ilikuwa inaelea mtoni. Mtu anayetupa sabuni mtoni usiku hajatubu, ameogopa tu, na hofu ikipita atanunua nyingine aifiche vizuri zaidi.

Kwa hiyo tuseme nini? Twende kwa Yohana Mbatizaji, Luka 3. Makutano walipochomwa mioyo walimwuliza wafanye nini. Hapo kulikuwa na toba, kulikuwa na ubatizo, na Roho alikuwa akifanya kazi. Kama hoja ya "tumeokoka inatosha" ni kweli, Yohana angewajibu waende zao kwa amani. Hakufanya hivyo. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Watoza ushuru wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Askari wasimdhulumu mtu, wasishitaki kwa uongo, watoshewe na mshahara wao. Angalieni jinsi anavyomgusa kila mmoja pale penye mkono wake. Hawaambii askari habari za ushuru, wala watoza ushuru habari za mishahara ya jeshi. Kila kazi ina mlango wake ambao mwizi huingilia, na Yohana aliufahamu mlango wa kila mmoja.

Ndiyo maana kwa maoni yangu Amri Kumi hazitoshi kuwa zimekaririwa tu. Mimi nilizijua zote siku ile ya sukari, na usiibe haikunijia akilini, maana sikuona kama naiba. Nilihitaji mtu anitafsirie amri ya nane kwa lugha ya mizani na gunia. Mwenye pikipiki ya abiria ahitaji kutafsiriwa kwa lugha ya chenji na ya mgeni asiyejua nauli. Mwalimu anayefundisha masomo ya ziada kwa malipo ajiulize kama mada ngumu ameziacha kusudi mchana ili azifundishe jioni. Jambo hili linanihuzunisha, nami nimekuwa katika kazi hii muda mrefu kiasi cha kulijua. Muuza nyanya anajua mwenyewe zile mbovu huwekwa wapi ndani ya tenga.

Na ile karatasi yetu? Mimi naiunga mkono, lakini kwa sharti moja, na hilo nimelipata kwa Samweli. Alipokuwa mzee mwenye mvi alisimama mbele ya Israeli wote akawauliza amechukua ng'ombe wa nani, punda wa nani, amemdhulumu nani, kwa mkono wa nani amepokea rushwa ya kumpofusha macho. Akasema kama yupo, atarudisha. Hakujaza fomu ikafungiwa kabatini. Aliwauliza watu walioishi naye, nao wakajibu. Watoto wake mwenyewe walikuwa wamepokea rushwa, sura ya 8 inasema wazi, na bila shaka Samweli alijua kila mtu pale analikumbuka hilo. Alisimama hivyo hivyo.

Basi karatasi isiandikwe na watu wanne wakaileta kama faini ya matuta. Wahesabu sadaka waandike yao, wenye ghala waandike yao, nasi walimu wa kipaimara pia, maana na sisi tuna milango yetu. Isiwe ndefu. Kanuni ya bibi yule ilikuwa maneno matano, nami nimeishi nayo zaidi ya miaka arobaini.

Kijana nilimjibu juma lililofuata. Nilimwambia kwamba yule mzee jirani anazo amri, na kwamba aende kumwuliza alizipata kwa nani. Alikwenda kweli. Alirudi akasema mzee alicheka kwanza, kisha akamsimulia habari za mjomba wake aliyemtembeza usiku kucha kurudisha mbuzi aliyefuata kundi lao, na mvua ikinyesha. Darasa zima lilinyamaza likisikiliza. Sikuongeza kitu.

Katika vikundi vya kujifunza Biblia na katika Umoja wa Akina Mama mwezi huu, tusome 1 Samweli 12:1-5 kwa sauti, polepole. Kisha kila mmoja achukue kipande cha karatasi, aandike maswali matatu ambayo yeye, kwa kazi yake, angeweza kuyauliza mbele ya jirani zake kama Samweli alivyouliza. Asiyejua kuandika amwambie jirani amwandikie. Anayetaka kuyasoma mbele ya wenzake ayasome. Asiyetaka akae nayo. Kama kuna swali ambalo mtu anaona afadhali asiliandike, hilo ndilo aanze nalo. Wanaoshika vitu vya parishi walete zao kwa mchungaji kabla halmashauri haijakutana tena.